Waya wa Upande wa Geti

Kabla ya kupanda mnara wowote, Mwongera alikuwa na mazoea ya kuuzunguka mara mbili bila kusema neno. Mwenye nyumba angemkaribisha chai, angemkumbusha kwamba mpira unaanza saa kumi, yeye anazunguka tu. Anagonga vyuma kwa kitako cha spana na kusikiliza mlio wake. Anachuchumaa kwenye kila jiwe la simiti, anaushika waya kwa mikono miwili na kuuvuta kama mtu anayemkokota ng'ombe mkaidi. Kuna waliomwona mtu wa maringo. Pale Kibirichia fundi wa antena hufika, huvua viatu, hupanda, hushuka, basi.

Kazi hiyo alikuwa amejifunzia mahali pagumu. Miaka sita alifanya kibarua na kontrakta wa minara ya simu kule kaskazini mwa Isiolo, wakipanda mita hamsini hewani kwenye jua na vumbi, na mtu aliyefungua mkanda wake akiwa juu, hata kama ni kujikuna mgongo, alirudishwa kwao jioni hiyohiyo. Aliporudi nyumbani ndio televisheni zilikuwa zimehamia dijitali na kila boma limenunua king'amuzi. Lakini Kibirichia ni mabonde na vilima, na antena iliyofungwa juu ya paa haipati kitu ila chenga. Aliyetaka picha isiyokatika alilazimika kuiinua antena mita tisa, mita kumi na mbili. Hapo Mwongera akapata kazi yake.

Mnara wake ulijulikana kwa mbali. Vyuma vitatu vilivyosimama, fito fupi zimechomelewa katikati kama vidato vya ngazi, na kutoka juu nyaya tatu zinazoshuka pande tatu, kila mmoja umefungwa kwenye pete ya chuma iliyozikwa ndani ya jiwe lake la simiti. Simiti aliiachia siku saba ikauke, hata mwenye nyumba anune. Mvua ikinyesha asubuhi, hapandi. Upepo wa mlimani ukianza kushuka mchana, hapandi. Na akipanda ni kwa mkanda wa kiunoni wenye kamba mbili, ili moja isifunguliwe kabla nyingine haijashika. Akiulizwa mbona taratibu nyingi hivyo kwa kijimnara cha nyumbani, alijibu kwamba mita kumi na mbili zinatosha kuua mtu vizuri kabisa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa Kibirichia walilijua juu yake na ambalo hakuna aliyelisahau, ingawa yeye mwenyewe alitumaini wamesahau. Katika ujana wake, kabla hajaenda Isiolo, Mwongera alikuwa mlevi. Si wa siku moja moja. Mlevi wa kuokotwa kwenye mtaro karibu na soko asubuhi, koti limeibwa. Aliacha mwaka ule bintiye wa kwanza, Kendi, alipozaliwa. Mkewe, Winfred, hakumwomba aache. Alimpakatisha mtoto tu, akaenda shambani kuchimba viazi. Tangu siku ile hadi siku ya ajali ilipita miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuonja hata tone.

Sasa, katika minara sitini na kitu aliyosimamisha, mmoja ulikuwa kwa Mwalimu Kaberia. Huyu alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye mazishi hayaanzi kabla hajafika. Mwongera aliujenga mnara ule mwenyewe, mita kumi na mbili, waya mmoja upande wa jikoni, mmoja upande wa mparachichi, wa tatu upande wa geti. Ulikaa miaka minne bila shida. Kisha mwezi wa tano, masika yakiwa yamelainisha ardhi yote, picha ikaanza kukatika, na Mwalimu akampigia simu.

Alifika saa tatu asubuhi, hakuna mvua, hakuna upepo. Akauzunguka mnara kama kawaida yake. Waya wa jikoni ulikuwa sawa. Wa mparachichi ulikuwa sawa. Alipofika upande wa geti akakuta rundo la magunia ya viazi, ishirini na zaidi, yamefunikwa turubai, na waya umeingia nyuma yake ukapotelea huko.

"Mwalimu," akaita, "haya magunia tuyasongeze kidogo nione mguu wa huu waya."

Kaberia alikuwa amesimama kwenye baraza na kikombe mkononi. "Magunia? Lori iko njiani, fundi. Niyatoe hapa niyarudishe hapa? Si ni wewe ulifunga hiyo waya na mikono yako?"

"Ni mimi. Lakini miaka minne ni mingi. Hakuna mtu ameigusa?"

"Nani aiguse? Hakuna mtu amegusa kitu hapa."

Mwongera akaushika waya pale ulipokuwa juu ya turubai, akauvuta. Ulikuwa umekaza. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi. Ulikuwa umekaza kweli. Akatazama magunia, akamtazama mzee wa kanisa aliyemfundisha hesabu akiwa darasa la sita. Akafunga mkanda wake, akapanda.

Hilo ndilo aliloligeuzageuza kichwani baadaye, usiku na mchana. Hakuwa ameruka sheria hata moja ya kazi yake isipokuwa hiyo, na hiyo aliiruka kwa sababu ya heshima.

Juu alifika salama. Akazifunga kamba zake mbili kwenye chuma, akalegeza nati, akaishusha antena ya zamani kwa kamba, akaivuta mpya. Kisha akaegemea nyuma, upande wa nyumba, ili aigeuze kuelekea Meru mjini. Uzito wake wote ukauangukia waya wa geti. Akasikia mtikisiko mdogo chini ya nyayo, kama mtu aliyegonga mlango mara moja. Halafu mbingu ikaanza kusogea.

Kama asingekuwa amejifunga labda angeruka. Lakini alikuwa amejifunga mara mbili, vizuri, kama alivyofundishwa, na mnara ukaenda naye hadi chini. Walitua juu ya banda la ndama. Mabati yalipokea sehemu ya kishindo, la sivyo tungekuwa tunasimulia mazishi. Alipozinduka alikuwa amelala ubavu, mguu wa kushoto umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na ndama akilia karibu na sikio lake. Alimwona Mwalimu Kaberia akikimbia. Lakini hakuwa anakimbilia kwenye banda. Alikuwa anakimbilia geti.

Kisha maumivu yakaja, na hakuona kitu tena.

Hospitali mjini Meru alikaa wiki tisa. Nyonga ilikuwa imevunjika mahali pawili, na mguu uliunganishwa kwa vyuma. Wiki ya pili Winfred alikuja na uji, akaketi, akauweka chini bila kumimina.

"Huko nyumbani wanasema kitu," akasema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ulikuwa umekunywa."

Mwongera alicheka, kicheko kikamuuma mbavu. Akadhani ni porojo za sokoni. Winfred hakucheka. Akamweleza yote: watu waliofika kwanza walikuta waya wa geti umelala kwenye nyasi, ncha yake huru, na pete ya kwenye jiwe la simiti tupu. Mwalimu alisema kwamba fundi aliufungua mwenyewe akitaka kuukaza upya, akasahau kuurudisha, akapanda. Alisema alisikia harufu asubuhi ile, akataka kumzuia, akaona aibu. Alilisema kwa huzuni, akitikisa kichwa.

"Ule waya ulikuwa umekaza," Mwongera akasema. "Niliuvuta mara mbili. Ulikuwa umefungwa mahali."

"Mahali gani?"

Mwongera hakujua ni mahali gani.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walikuja kumwona, wanne, suti zao zimepigwa pasi. Kaberia alikuwa mmoja wao. Waliweka matunda kwenye meza ndogo, wakakizunguka kitanda, wakainamisha vichwa. Waliomba Mungu auponye mguu. Waliomba Mungu aibariki familia. Kisha Mwalimu Kaberia, aliyefunga maombi, akaiweka mikono yake juu ya kichwa cha mgonjwa na kuomba Mungu amfungue kijana huyu minyororo ya pombe iliyomrudia. Mwongera hakuweza kugeuka wala kuondoka, mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito. Wengine wakasema amina. Winfred, aliyesimama karibu na dirisha, naye akasema amina.

Alipotoka na magongo, kitu cha kwanza alichotaka ni kupelekwa kwa Kaberia aone mguu wa ule waya. Alikuta Mwalimu ameshang'oa mawe yote matatu ya simiti na kupanda sukumawiki mahali pake. Ukutani kulikuwa na dishi jipya la setilaiti. "Tulisema hatutaki mnara tena hapa," Kaberia akamwambia kwa upole. "Tuliogopa sana, Mwongera. Tunakuombea."

Hivyo ndivyo fundi aliyekuwa mkali kuliko wote akawa mfano wa mzembe. Wanawake waliwaonya waume zao kwa jina lake. Alitembea kwa fimbo, nyonga ikiuma kila ukungu unaposhuka, na kupanda hata ngazi ya stoo hakuweza. Akaweka meza kwenye baraza la duka sokoni, akawa anatengeneza redio na rimoti. Kazi ya juu ilichukuliwa na Koome, mwanamume wa miaka thelathini kutoka upande wa Kiirua. Siku moja Mwongera alimwona Koome kwenye mnara mmoja nyuma ya soko, mnara aliousimamisha yeye mwenyewe, amepanda na malapa, spana ameiuma kwa meno, hana mkanda. Mwongera akajikokota hadi chini ya mnara.

"Koome! Shuka uvae mkanda!"

Koome akaitoa spana mdomoni. "Mzee, wewe ulikuwa na mkanda. Ulikusaidia nini?" Watu waliokuwa wakinunua kabeji wakacheka. "Mimi napanda nikiwa sijaonja kitu. Hiyo ndiyo mkanda yangu."

Mwongera akarudi kwenye meza yake. Mchana ule aliunguza rimoti mbili za watu.

Ilipita miaka miwili. Siku ya Jumanne, soko likiwa limepungua, mke wa Kaberia, Jedidah, alikuja barazani na redio ndogo ndani ya kiondo. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, na kwa karibu miaka miwili alikuwa akivuka barabara kila alipomwona Mwongera mbele yake. Akaiweka redio mezani. Mwongera akaifungua, akakuta haina shida ila betri.

"Haina kitu, mama. Ni betri."

"Najua," Jedidah akasema. Hakuichukua redio. Akaangalia nyuma yake, kisha akaketi kwenye kreti ya soda. "Ile waya ilikuwa imefungwa kwa nguzo ya ua."

Mwongera akaiacha bisibisi ikaanguka.

"Mwalimu alinunua pikapu mwaka ule mwezi wa kwanza," Jedidah akaendelea, haraka, kama mtu anayesoma barua anayoijua kwa moyo. "Ilikuwa inashikwa na waya ikiingia. Akaifungua kwa simiti, akaifunga kwa nguzo ya ua, ile ya mkaratusi. Nikamwambia, ita fundi. Akasema ni kitu ndogo. Ulipoanguka nguzo iling'oka na waya. Nilikuwa kwa dirisha ya jikoni. Aliifungua waya akaitupa kwa nyasi, akarudisha nguzo kwa shimo, akaikanyagia mchanga. Ndio akaanza kupiga nduru."

Mwenye duka alikuwa ndani akipima sukari.

"Miaka miwili," Mwongera akasema.

"Ndio."

"Ulikuja kwangu ukaleta maziwa nilipotoka hospitali. Ukaketi kwa kiti changu."

"Ndio. Nilitaka kusema siku hiyo."

"Na pombe? Alisikia harufu?"

Jedidah akatikisa kichwa. "Hakukuwa na harufu. Ulikuwa unanuka sabuni."

Mwongera akaisogeza redio pembeni. "Utasema hivyo mbele ya watu? Kanisani? Hata kwa chifu tu?"

Yule mama akamtazama kana kwamba ameombwa avue nguo. "Baba Kendi, mimi naishi wapi? Hiyo nyumba ni yake. Shamba ni yake. Watoto wetu wako Nairobi, wanamwona kama malaika. Mimi nimekuambia wewe. Nilikuwa silali."

"Kwa hivyo sasa utalala."

Jedidah akainuka, akaacha redio pale mezani, akaenda zake akipitia nyuma ya vibanda.

Jioni ile Mwongera alimsimulia Winfred yote, neno kwa neno, wakiwa jikoni wanamenya viazi. Alikuwa ameifikiria hali hiyo njia nzima: jinsi mkewe atakavyokasirika, jinsi atakavyolia, labda. Winfred alisikiliza hadi mwisho. Kisu kikasimama mkononi mwake. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akasema taratibu:

"Sasa najua."

Mwongera akamwangalia. "Ulikuwa hujui?"

Winfred akaona neno lililomtoka, akataka kulirudisha. "Sikusema hivyo. Nilikuwa najua wewe si... Nilikuwa nakuamini, Baba Kendi. Lakini watu wote walikuwa wanasema. Na Mwalimu. Na zamani wewe ulikuwa..."

"Zamani."

"Ningefanya nini? Nilikuwa naomba tu isiwe kweli."

Mwongera akachukua kiazi kingine, akakimenya hadi kikawa kidogo kama yai la kware.

Labda ni aibu ya jioni ile iliyomsukuma Winfred kufanya alichofanya Jumapili iliyofuata. Wakati wa matangazo alisimama kwenye viti vya kina mama, akasema Bwana asifiwe, kisha akasema kwamba mume wake hakuwa amelewa, kwamba waya ulifungwa kwenye nguzo ya ua na mwenye boma, na kwamba yupo mtu ndani ya kanisa lile aliyeona kwa macho yake. Akageuka. "Mama Jedidah, simama uwaambie."

Kanisa zima likageuka. Jedidah alikuwa ameketi safu ya tatu, Biblia magotini. Alitazama Biblia. Mwongera, aliyekuwa nyuma karibu na mlango kwa sababu ya mguu wake, aliona kisogo chake tu, kitambaa cheupe kisichosogea. Mtoto akakohoa.

Ndipo Mwalimu Kaberia akasimama mbele, hana hasira hata kidogo. "Ndugu zangu," akasema, "mama huyu amebeba mzigo mzito kwa miaka miwili. Machungu humfanya mtu aseme lolote. Mimi sina neno naye. Tumwombee." Na watu wakainamisha vichwa, wakamwombea Winfred, naye amesimama katikati yao peke yake, mikono imeng'ang'ania kiti cha mbele.

Walirudi kwa miguu, kwa mwendo wa Mwongera, ambao si mwendo. Mashamba ya viazi yalikuwa yamechanua maua meupe pande zote za barabara. Watu waliotoka kanisani waliwapita kwa makundi, wakisalimia kwa sauti ndogo, bila kusimama. Walipofika penye kona ambapo hapakuwa na mtu, Mwongera akasimama kupumzisha nyonga.

"Siku ile niliyoanguka," akasema, "walikupa nguo zangu hospitalini."

"Ndio."

"Ulinusa koti?"

Winfred angeweza kusema hapana. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minane, na mara nyingine mtu humwambia mwenzake uongo ili mambo yapite.

"Nilinusa," akasema.

"Ukasikia nini?"

"Jasho. Na kutu."

"Na bado ukashuku?"

Winfred akafuta uso wake kwa ncha ya leso. "Bado."

Mwongera akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei na hataki kubishana. Akaitanguliza fimbo, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine, na Winfred akamfuata hatua moja nyuma.

Jedidah hakuja kuichukua redio yake. Ilikaa mezani mwezi mzima, na mwisho Mwongera akaitia betri, akamuuzia mkulima mmoja wa Ntugi. Kaberia bado anafunga maombi kwenye mazishi. Winfred alihamia kanisa jingine, mbali zaidi, na Jumapili Mwongera hubaki nyumbani. Wanakula pamoja, wanaulizana juu ya shule ya watoto na bei ya viazi, wala hawagombani. Ila Mwongera akichelewa kurudi kutoka sokoni, hata kwa nusu saa, hufika mlangoni akasimama karibu sana na mkewe kabla ya kuketi, uso kwa uso, akapumua kwa nguvu, na hawasemi ni kwa nini.